Unapoanza wodini: ninayowaambia wanafunzi wangu wiki ya kwanza

Mimi ni mkunga, inchaji wa wodi ya wazazi katika hospitali moja ya serikali magharibi mwa Uganda, upande wa mpaka wa Congo. Wanafunzi wa udaktari na uuguzi wanaoletwa kwangu karibu wote wamefaulu somo la maadili. Tatizo huonekana kitandani, kwa sababu wengi huanza na stetoskopu kabla ya salamu.

Anza hivi: "Habari ya leo, mama. Naitwa fulani, ni mwanafunzi wa mwaka wa nne, Sista huyu ananisimamia. Naomba nikupime tumbo. Ukikataa utahudumiwa vilevile." Hiyo sentensi ya mwisho usiiruke. Huku kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni musawo, yaani daktari, na mgonjwa akikuita daktari unajisikia vizuri. Msahihishe hapo hapo. Anayekubali kupimwa na mwanafunzi lazima ajue kwamba ni mwanafunzi.

Halafu hesabuni mko wangapi. Nimewahi kufungua pazia nikakuta wanafunzi wanane wamezunguka tumbo moja, kila mmoja akisubiri kulibonyeza. Kwa uchunguzi wa ndani siruhusu zaidi ya wawili, na kila mmoja aombe ruhusa yake mwenyewe. Ruhusa ya mwenzako si yako. Anayepelekwa thieta aulizwe kabla hajalazwa usingizi. Aliyelala hajakubali chochote.

Sasa nikae kidogo kwenye ukalimani, maana hapa ndipo nawaona vijana wazuri wakiharibu. Mwanafunzi aliyesomea Kampala anajua Kiingereza na Luganda. Mgonjwa amevuka kutoka Kasindi, ng'ambo ya mpaka, anajua Kiswahili cha Congo na lugha ya kwao. Mwanafunzi anatafuta njia ya mkato: anamshika mtoto aliyekuja na mama, kijana wa miaka kama kumi, anamwambia amuulize mama yake damu ilianza kutoka lini, na kama ana mimba. Mtoto akatazama sakafu. Mama naye akasema jambo moja tu: "Mtoto atoke kwanza." Nilimtoa, nikavuta pazia, nikaendelea mwenyewe. Alikuwa na mengi ya kueleza, na hakuna hata moja ambalo angelisema kupitia kwa mwanawe. Mbele ya mumewe, pengine, angesema pungufu zaidi.

Kwa hiyo usimtumie mtoto kamwe, wala mume, wala mgonjwa wa kitanda cha jirani. Tafuta mhudumu anayeijua lugha hiyo na anayebanwa na siri kama wewe. Sema sentensi fupi, ukimtazama mgonjwa, si mkalimani. Ukimaliza, mwambie: "Nieleze ulivyoelewa." Akirudia kwamba "watanisafisha tumbo kwa dawa" na wewe ulisema upasuaji, fomu hiyo bado haijawa na ridhaa hata kama kidole gumba kimeshapigwa. Anza upya. Ndiyo, foleni ni ndefu. Najua.

Faili ni fupi kueleza: andika ulichokipima. Nikikuta joto la 36.8 kwa vitanda vyote alfajiri, najua kipimajoto hakikutoka kwenye droo. Ukikosea kuandika, piga mstari mmoja unaoacha neno la kwanza lisomeke, weka tarehe na saini. Korekta nyeupe sitaki kuiona wodini.

Simu je? Picha ya kidonda au eksirei yenye jina la mgonjwa haiendi kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu 2019, lakini hata isingekuwepo, miji yetu ni midogo. Kovu au bangili tu hutosha mtu kutambulika.

Pesa. Ada katika vituo vya serikali zilifutwa mwaka 2001, ila wodi za kulipia zimebaki, na mgonjwa hajui mpaka uko wapi. Mweleze: kama kuna malipo, ni kwa keshia na kwa risiti, kamwe si mkononi mwako. Damu haiuzwi. Dawa yenye muhuri wa serikali haiuzwi. Dawa ikiisha stoo, andika jina halisi la dawa, si la kampuni, na umwache achague famasi mwenyewe. Ukimwelekeza kwenye duka la rafiki yako anayekukatia asilimia, hiyo ni rushwa hata kama dawa ni nzuri. Posho huchelewa, hilo silibishi. Idai kwa wale unaowadai. Mama mwenye uchungu wa uzazi hadaiwi posho yako.

Na kuku? Huku mtu akipona huleta kuku au mkungu wa matoke, na kumkatalia hadharani ni kumvunjia heshima. Sheria yangu: kama bado yuko chini ya matibabu, mwombe asubiri. Akisharuhusiwa kwenda nyumbani, zawadi ipokelewe mbele ya wenzako, niambiwe, na iliwe na zamu nzima. Fedha taslimu hurudi kwa mwenyewe, hata ikiitwa chai.

Ukiona mkubwa wako anakosea, pima hatari. Kama mgonjwa anaweza kuumia sasa hivi, sema sasa hivi, kwa adabu: "Daktari, naomba tuhakiki upande kabla ya kukata." Hilo halihitaji ruhusa ya mtu. Kama si la dharura, mfuate pembeni baada ya raundi. Likijirudia, njoo kwangu, kisha nenda kwa mkuu wa hospitali. Likibaki hapo, Baraza la Madaktari lipo Kampala na hupokea malalamiko, yakiwemo ya wagonjwa wenyewe. Andika tarehe, saa na ulichokiona kwa macho yako. Ulichosikia koridoni kiache koridoni.