Badilisha majina ya picha zikiwa njiani kwenda kwenye seva

Ndugu wapigapicha wa Lubumbashi, kamera zetu nyingi hutoa majina ya aina moja: alama nne kama IMG_, kisha namba kutoka 0001 hadi 9999, halafu hesabu inaanza upya. IMG_0001.JPG ya harusi ya Katuba na IMG_0001.JPG ya harusi ya Ruashi, kwa seva (kompyuta ya mbali tunakohifadhi picha) ni jina lile lile. Mimi nilizituma zote kwenye folda moja, nikakubali mpya zikalie za zamani. Mama wa bibi harusi wa Katuba, akijipangusa machozi kwa pindo la kitenge: picha hiyo haipo tena. Kadi ya kamera nilikuwa nimeshaifuta.

Natumia WinSCP, programu ya kompyuta ya kutuma mafaili kwenye seva. Ingia kwenye seva, chagua picha upande wa kompyuta yako, bonyeza F5. Dirisha litakuonyesha njia inayoishia na *.* na wengi huipita bila kuisoma. Isome. Kinyota cha kabla ya nukta kinabeba jina la asili. Cha baada ya nukta kinabeba kiendelezi, yaani ile JPG. Andika hivi:

/harusi/*-ruashi.*

Picha itafika ikiitwa IMG_0001-ruashi.JPG. Ile ya kwenye kompyuta inabaki na jina lake.

Ukitaka tarehe ya kutuma ijiandike yenyewe, tumia amri kwenye dirisha la amri la WinSCP (winscp.com):

put *.JPG /harusi/*-%TIMESTAMP#yyyymmdd%.*

Swali, Kampemba: Yaya, nikiweka *.png picha inakuwa PNG?

Hapana, mdogo wangu. Jina tu ndilo linabadilika, ndani ni JPG ile ile.

Swali, Ruashi: Zangu za Katuba ziko kwenye seva tayari, bila alama ya mtaa. Nizitume upya?

Usimalize megabaiti zako bure. Zibadilishe huko huko, kwa amri:

mv /harusi/IMG_????.JPG /harusi/*-katuba.*

Kila alama ya kuuliza inashika herufi au namba moja tu, kwa hiyo zenye -ruashi hazitaguswa. Ungeandika *.JPG, zingeishia kuitwa -ruashi-katuba.

Swali, Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi): Nimeweka mm nipate dakika, lakini ni 06 siku nzima!

Dada, hiyo 06 ni mwezi wa sita. Kwenye WinSCP mm ni mwezi, dakika ni nn. Andika yyyymmdd-hhnn.