Kupiga picha za beni kwa kamera ya Holga

Beni ya harusi ikishatoka haimngojei mtu. Tarumbeta zinalia, ngoma zinajibu, akina mama wanacheza na kanga zao, watoto wametapakaa njia nzima. Holga, kamera ya plastiki iliyotoka Hong Kong mwaka 1982, haiwezi kukimbizana nao: ina spidi moja tu, takriban sehemu moja ya mia ya sekunde, na mkanda wa 120, yaani filamu pana inayoviringwa pamoja na karatasi ya kuikinga na mwanga, unakupa picha 12 za mraba. Kwa hiyo usiifuate beni. Itangulie, simama, ije yenyewe.

Anza nyumbani, kivulini. Kabla ya kutia mkanda, kunja kipande cha karatasi ya boksi ukipachike chini ya mkanda mpya, usizunguke ovyo. Mkanda uliojiviringa kwa kulegea huingia mwanga pembeni siku ya kuutoa. Mshale wa dirisha dogo jekundu la nyuma, unaposomea namba ya picha, uwe kwenye 12. Ukiwa kwenye 16, picha zitapandana. Kisha zungushia kamera tepu nyeusi ya mafundi umeme, hasa juu ya vibanio viwili vya pembeni vinavyoshika kifuniko cha nyuma. Mimi nilipuuza tepu, kifuniko kikachomoka Makunduchi katikati ya beni, na picha saba zikaungua. Moja ilikuwa ya bibi harusi akiteremka garini. Mpaka leo inaniuma.

Mkanda wa ASA 100 (ASA ni kipimo cha wepesi wa mkanda kushika mwanga) unatosha jua la mchana. Mimi hupenda kwenda baada ya sala ya alasiri, jua likishalala kidogo, kwa hiyo huchukua 400.

Sasa mahali. Fika mapema, uliza beni itapita wapi, utafute pale njia inapobana na ukuta una mwanga. Alama za umbali kwenye lenzi ni nne: mtu mmoja ni kama mita moja, watu watatu mita mbili, kundi mita sita, mlima ni mbali. Chagua alama ya watu watatu. Piga hatua mbili pana kutoka unaposimama, weka kifuu cha nazi chini, rudi. Mpiga tarumbeta akifika kwenye kifuu, bonyeza. Usirekebishe kitu tena. Anayekujia usoni hutoka safi kuliko anayekatiza mbele yako. Mikono ya mpiga ngoma itafifia kama moshi, na hiyo ndiyo picha ninayoitafuta. Uso uuweke katikati, maana pembeni lenzi hii hufifiza na kutia giza.

Kifuniko cha lenzi umekitoa? Kitundu cha kutazamia hakipiti kwenye lenzi, hakitakuonya.

Ukishapiga, sogeza mkanda papo hapo, kamera ukiikinga na jua kwa mwili wako. Hakuna kinachoizuia isipige picha mbili juu ya moja.

Kwa wanawake, omba kwanza. "Shikamoo bibi, naomba nikupige picha," kisha subiri. Akijifunika kanga usoni, teremsha kamera. Beni ikiingia uani, wewe bakia nje.

Picha ya 12 ikiisha, kaa kivulini, zungusha mpaka karatasi iishe, fungua, kaza mkanda kwa vidole, lamba kile kiutepe ubandike. Andika juu yake mtaa na tarehe. Usiuache kwenye gari lenye joto. Upeleke ukasafishwe wiki hiyo hiyo.