Kabla hujafuata mwongozo wa tiba, pima ushahidi wake

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto. Nikipokea mwongozo mpya, kabla ya dozi natazama mambo mawili: pendekezo ni thabiti, au la masharti, yaani hutegemea hali ya mgonjwa? Na ushahidi wake ni wa juu, wa kati, wa chini au wa chini sana? Ndiyo mizani ya GRADE, mfumo wa kupima ubora wa ushahidi wa tiba.

Majaribio yanayogawa wagonjwa kwa bahati nasibu huanzia juu. Tafiti za kufuatilia tu huanzia chini. Shusha daraja matokeo yakipingana, wagonjwa wakiwa wachache, au wakiwa tofauti na wako.

Hilo la mwisho lishike sana. Miaka mingi, mtoto mwenye homa kali na mikono ya baridi tulimkimbizia dripu, nami nilifanya hivyo kwa moyo safi. Mwaka 2011 likaja jaribio la FEAST, watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania: ndani ya saa 48 walifariki karibu 11 kati ya kila 100 waliopewa maji mengi ya haraka kwa dripu, na 7 kati ya 100 wasiopewa. Bado linaniuma.

Lakini FEAST haikuhusisha watoto wenye kuhara wala utapiamlo mkali. Hao ni wagonjwa tofauti: anayeharisha na kukaukiwa maji, usimnyime dripu kwa kutaja FEAST.