Kufunga sabufa kwenye Toyota bila kung'oa redio yake

Redio inayokuja na IST, Fielder au Probox kutoka Japani kwa kawaida haina matundu ya RCA (ya kuchomekea waya za sauti za kwenda kwenye amplifaya) nyuma. Huhitaji kuibadilisha. Tafuta amplifaya inayopokea waya za spika moja kwa moja. Kwenye boksi huandikwa "high level input". Ukiwa nayo isiyo na sehemu hiyo, ongeza konvata ya RCA, kidude kinachogeuza sauti ya waya za spika iingie kwenye matundu ya RCA ya amplifaya.

Kwa sabufa moja ya inchi 10 au 12, wati 300 za RMS, yaani nguvu halisi ya kudumu, zinatosha kabisa kwenye gari dogo. Namba kubwa ya juu ya boksi isikutie tamaa. Soma RMS, kisha omu, yaani ukinzani wa sabufa. Amplifaya isiyoruhusu chini ya omu 4 ukiifungia sabufa mbili za omu 4 kwa sambamba, inabeba omu 2: itachemka na kujizima, au iungue.

Kazi nyingi huharibikia kwenye umeme. Amplifaya ya daraja D (aina isiyopoteza umeme mwingi) ya wati 300 huvuta karibu ampia 30, kwa hiyo waya wa moto uwe wa milimita 10 za mraba, mita 5 hivi, na fyuzi ya ampia 40 isizidi sentimita 30 kutoka kwenye betri. Fyuzi hiyo inalinda waya. Ukiiweka kwenye buti, halafu waya ukachubuka unapopita ukuta wa injini, betri itamwaga umeme wote kwenye bodi na gari linaweza kushika moto. Pitisha waya kwenye raba, usiupitishe kwenye tundu tupu la bati.

Dukani, kwangua uzi mmoja wa waya kwa kisu. Ukiwa mwekundu hadi ndani, ni shaba. Ukiwa mwekundu juu na mweupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba: hupitisha umeme kidogo kuliko shaba ya unene uleule, basi chukua mnene zaidi.

Waya hasi wa amplifaya, unaofungwa kwenye bodi ya gari, uwe mfupi, chini ya sentimita 50, na unene uleule wa moto. Piga msasa bodi pale unapoufunga hadi bati ling'ae, kaza kwa bolti na kichwa cha waya chenye tundu la duara, kisha paka rangi juu kuzuia kutu. Bolti ya mkanda wa usalama usiiguse.

Sasa redio. Toa terminali hasi ya betri, vuta redio, chomoa plagi zake. Kwenye nyingi za Toyota, plagi ya pini 6 ndiyo ya spika za nyuma. Rangi hubadilika, kwa hiyo pima: gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye jozi ya waya upande wa plagi iliyochomolewa. Spika ikikwaruza, umeipata; karatasi yake ikisukumwa nje, chanya ya betri imegusa chanya ya spika. Unga waya za high level input za amplifaya kwenye jozi hiyo kwa lehemu. Hasi ya spika usiipeleke kwenye bodi kamwe, maana kwenye redio hizi waya zote mbili za spika hubeba sauti, na kuigusisha bodi kunaweza kuua IC (chipu ya sauti) ya redio.

Amplifaya isiyojiwasha kwa sauti, chukulia waya wa kuwashia kwenye moto wa kiberiti cha gari unaokatika ukizima swichi, na uuwekee fyuzi ya ampia 1. Ukichukua moto wa kudumu, asubuhi betri imelala.

Kupanga sauti kwenye amplifaya: kichujio cha chini (low pass, kinachopitisha besi tu) hezi 80, bass boost (kiongeza besi) sifuri, geini (kitufe cha kulinganisha amplifaya na nguvu ya sauti ya redio) sifuri. Pandisha redio hadi robo tatu, kisha geini polepole mpaka besi ianze kukwaruza. Rudi nyuma kidogo. Geini si volyumu, na sabufa nyingi huungua kwa kuisukuma hadi mwisho. Geuza swichi ya fezi (phase, inayogeuza mwelekeo wa msukumo wa sabufa) kati ya 0 na 180 ukiwa kwenye kiti cha dereva, uache penye besi nzito zaidi.

Ukisikia mluzi unaopanda na mwendo wa injini, rudia kufunga waya hasi wa amplifaya kwanza, kisha tenganisha waya wa moto na wa sauti, kila mmoja upande wake wa gari. Baada ya dakika 20 za muziki mkubwa, gusa kishika fyuzi. Kikiwa cha moto, huenda skrubu zimelegea.