Kuwa mtafiti wa sera za afya ukianzia Bagamoyo: swali, vibali, sampuli na ngazi za kazi

Mhitimu wa afya ya jamii, udaktari, uuguzi, sosholojia au uchumi anayeishi Bagamoyo halazimiki kuhamia Dar es Salaam ili aanze kazi ya utafiti. Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo hapa hapa mjini. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa Bagamoyo na Korogwe kabla Shirika la Afya Duniani halijaipendekeza Oktoba 2021, na ya R21, iliyopendekezwa Oktoba 2023, nayo ilipita hapa. Majaribio hayo ndiyo yanayojulikana zaidi, kwa hiyo vijana wengi hudhani utafiti wa afya ni maabara na sindano. Watafiti wa sera wanaanzia pale jaribio linapoishia: dawa, chandarua au chanjo imeshathibitika, je, inamfikia mama wa Fukayosi? Nani analipia? Mbona kijiji kimoja kinaipata na jirani yake hakipati?

Na kwa hilo pia Pwani ina historia. Mwaka 2011 mkoa huu ulianza kujaribu malipo kwa ufanisi, yaani vituo na watumishi kupewa bonasi wakifikia malengo ya huduma. Watafiti wa Ifakara na wenzao wa Uingereza na Norway walilinganisha vituo vya Pwani na vya wilaya za nje ya mkoa zisizo na mpango huo. Kati ya huduma nane zilizolengwa, mbili ndizo zilizoonyesha ongezeko la wazi: kujifungulia kituoni, na dawa za kuzuia malaria kwa wajawazito. Soma makala walizochapisha kuhusu mpango huo kabla ya kuandika chochote chako. Zinafundisha kulinganisha eneo na eneo, na zinafundisha kuandika bila aibu kwamba huduma sita hazikuonyesha mabadiliko.

Anza na swali lenye mwenyewe

Maandiko mengi ya wanafunzi, yaani mapendekezo ya utafiti, yanakufa kwa sababu swali halina mwenyewe. "Changamoto za huduma za afya Bagamoyo" hakuna ofisi inayoweza kulifanyia kazi. Mwenye swali ni mtu ambaye akipata jibu ana mamlaka ya kubadili kitu mwaka huu wa fedha. Kumbuka mgawanyo: Wizara ya Afya inatunga sera na miongozo, lakini Mganga Mkuu wa Halmashauri na zahanati zake wako chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia mikoa na halmashauri. Ukipeleka wizarani jambo la halmashauri, litarudi.

Tuchukue mfano mmoja na kwenda nao. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mjamzito aonane na mtoa huduma mara nane, mara ya kwanza kabla ya wiki 12. Swali: kwa nini wajawazito wa kata fulani huanza kliniki wakiwa wamechelewa? Mwenyewe ni mratibu wa afya ya uzazi na mtoto wa halmashauri. Nenda ofisini kwake kabla hujaandika andiko, umuulize mambo mawili tu: ni kitu gani anataka kujua ambacho taarifa zake hazimwambii, na akikijua atafanya nini tofauti. Asipokuwa na jibu la pili, badili swali.

Rejesta ya kliniki

Kabla ya dodoso lolote, soma rejesta za MTUHA, yaani vitabu vya kumbukumbu za huduma vinavyojazwa kituoni. Wajawazito wako kitabu namba 6, watoto namba 7, waliojifungua namba 12, wagonjwa wa nje namba 5. Omba ruhusa ya maandishi kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri, kaa na muuguzi, mpitie pamoja kurasa za miezi mitatu. Angalia safu ya umri wa mimba. Mara nyingi utakuta namba zinarundikana: 16, 20, 24, na 17 au 21 ni za kuhesabu. Mimba hazijipangi hivyo. Muuguzi amekadiria kwa kupapasa tumbo au mama hakukumbuka hedhi ya mwisho, ikaandikwa namba ya mviringo. Ukichukua safu hiyo kama ilivyo na kuhesabu wangapi walifika kabla ya wiki 12, utakuwa unapima ukadiriaji wa muuguzi pamoja na tabia ya akina mama, wala hutajua kipi ni kipi.

Mitego mingine ya rejesta: mama aliyeandikishwa kliniki mbili baada ya kwenda kwao kujifungua, safu ya kijiji iliyoachwa wazi, na jumla ya mwezi iliyojumlishwa kwa mkono kisha ikaingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, ikiwa na tofauti. Chagua vituo vitano, hesabu mwenyewe mistari ya mwezi mmoja, linganisha na kilichomo kwenye mfumo, na uripoti tofauti hiyo ndani ya makala yako.

Ukikuta asilimia 112 ya wajawazito wamehudhuria kliniki, usiifute wala usiiite kosa la uchapaji. Kigawanyo ni makadirio kutoka Sensa ya 2022, na kituo kilicho kando ya barabara kuu hupokea watu wasio wa kata yake. Kuna na hili, ambalo limewakwaza hata watafiti wazoefu: Chalinze ilipewa halmashauri yake mwaka 2015. Takwimu za "Bagamoyo" za 2010 zinahesabu watu ambao leo wako Chalinze. Ukichora mstari mmoja kutoka 2010 hadi sasa, utaona huduma "zimeporomoka" mwaka ule, kumbe ni mpaka umehama.

Usiazime nywila ya mtumishi ili uingie kwenye mfumo, hata akikupa kwa roho safi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu nyote wawili.

Sampuli: namba 384 si ya kila mtu

Karibu kila andiko la uzamili lina kaya 384. Namba hiyo inatokana na kanuni rahisi: kiwango cha asilimia 50, kosa linalovumilika asilimia 5, uhakika wa asilimia 95. Ni sahihi kama utawachagua akina mama mmoja mmoja kutoka orodha nzima ya wilaya. Hutafanya hivyo. Utachagua vitongoji, na ndani ya kila kitongoji utahoji kadhaa. Akina mama wa kitongoji kimoja hufanana: zahanati moja, barabara moja, mkunga mmoja. Kila unayemwongeza pale pale anakupa taarifa mpya kidogo kuliko aliyetangulia.

Kwa hiyo zidisha. Kizidishio ni 1 + (idadi ya unaohoji kitongoji kimoja − 1) × kipimo cha kufanana. Kipimo hicho huonyesha jinsi majibu ya watu wa kitongoji kimoja yanavyofanana, 0 ikiwa hawafanani kuliko wengine na 1 ikiwa ni sawa kabisa. Tuseme kufanana ni 0.05. Ukihoji 20 kila kitongoji, kizidishio ni 1.95: 385 (ile 384 na kitu, ikipandishwa) inakuwa 751, na ukigawa kwa 0.9 kwa ajili ya watakaokosekana au kukataa, unahitaji 835, yaani vitongoji 42. Ukihoji 10 tu kila kitongoji, kizidishio kinashuka hadi 1.45, na jumla ni 622, lakini vitongoji vinakuwa 63. Mahojiano yamepungua zaidi ya 200, safari zimeongezeka 21. Kama mafuta na gari ndivyo vinavyokula bajeti yako, njia ya kwanza inaweza kuwa nafuu. Kama ni posho za wadadisi, yaani wanaohoji watu uwandani, ya pili. Piga hesabu zote mbili kabla ya kuandika bajeti, na uonyeshe kipimo cha kufanana ulikitoa kwenye utafiti gani. Mhakiki ataanza kuuliza hapo.

Vibali kwa mpangilio wake

Fuata mstari huu. Kwanza kamati ya maadili ya taasisi yako, iwe MUHAS (chuo kikuu cha afya cha Muhimbili), Ifakara au chuo kingine. Pili kamati ya kitaifa ya maadili iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979. Kama una mshirika wa kigeni, naye anahitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kama unajaribu dawa au chanjo, ongeza TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kisha barua ya TAMISEMI au ya mkoa, ya Mkurugenzi wa Halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Mwenyekiti wa kitongoji haandikiwi barua, lakini asipojulishwa siku moja kabla, kazi haiendi. Tenga miezi mitatu hadi sita kwa yote haya.

Andiko hurudishwa mara nyingi kwa sababu mbili. Fomu ya ridhaa imeandikwa Kiingereza kisha ikatafsiriwa kwa lugha ya ofisini ambayo mama wa Yombo haielewi, na umri. Mama wa miaka 16 ni mama kama wengine na utamkuta kwenye sampuli, kwa hiyo eleza mapema utamwomba nani ridhaa. Kwa asiyesoma, tumia dole gumba na shahidi asiye mmoja wa timu yako. Damu au takwimu zikitoka nje ya nchi, mkataba wake wa kuhamisha unapitia NIMR.

Uwandani

Swali baya: "Je, unaridhika na huduma za zahanati?" Jibu utakalopata kwa wazee na kwa wasichana ni lile lile: "Nzuri tu, tunashukuru." Adabu ndiyo iliyojibu, kuhusu zahanati hujajua kitu. Swali zuri linashika tukio: "Mama, mara ya mwisho ulipoandikiwa dawa, uliipata pale pale, ulinunua dukani, au hukuipata?" Kila swali la maoni lipitishe kwenye kipimo hicho.

Jaribu dodoso kwenye kata iliyo nje ya sampuli, watu 20 hadi 30. Likizidi dakika 45 likate. Kuanzia hapo majibu ya "sijui" huongezeka na mdadisi huanza kujaza mwenyewe. Kwenye vishikwambi weka ODK au KoboToolbox, programu za kukusanya majibu ya dodoso, ambazo zina matoleo ya bure, na uamuru programu ikatae umri wa mimba wa wiki 60. Pakia takwimu kila jioni na utazame muda wa kila mahojiano usiku huo huo. Mdadisi mwenye mahojiano ya dakika tisa anarudi kesho yake na msimamizi, si baada ya wiki mbili.

Ratiba ifuate maisha ya watu. Masika ya Machi hadi Mei hukata njia za ndani. Ukitaka kuwahoji wanaume wanaovua dagaa kwa taa, usiwafuate usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa pevu ndipo wengi huwa nchi kavu.

Kupanda ngazi

Wengi huanza kama wadadisi wa mkataba, kisha msaidizi wa utafiti, halafu ofisa utafiti. Ukiwa mdadisi, jifunze R, programu ya kuchambua takwimu, kwa vitendo na upate cheti cha utendaji bora wa utafiti wa kitabibu, kinachopatikana mtandaoni bila malipo. Vyuoni ngazi ni mkufunzi msaidizi, mhadhiri msaidizi, mhadhiri (kwa kawaida mwenye uzamivu), mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Matangazo mengi hutaka wastani wa 3.8 shahada ya kwanza na 4.0 uzamili, kwa hiyo mwenye 3.5 asipoteze miaka akisubiri nafasi ya chuo. Taasisi za utafiti hutazama zaidi alichokifanya.

Uzamili unaweza kusomea MUHAS, Mzumbe kwa upande wa uongozi wa mifumo ya afya, au Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, ambayo imekuwa ikishirikiana na Ifakara kwenye utafiti wa afya ya jamii. Uzamivu usiuanze kwa fedha yako. CARTA, mpango wa kufundisha watafiti wa uzamivu Afrika, hufadhili waajiriwa wa taasisi wanachama, kwa hiyo ajira huja kwanza. Wafadhili wa utafiti wa Ulaya, EDCTP na Wellcome, hufadhili watu. Wanachosoma kwanza ni swali lako na nani atakusimamia.

Makala za kulipia zisome kupitia Hinari, maktaba ya mtandaoni ya Shirika la Afya Duniani, kwa akaunti ya taasisi. Ada ya uchapishaji omba isamehewe kabla ya kuwasilisha, maana baada ya makala kukubaliwa majarida mengi hayasikilizi. Majina ya waandishi na mfuatano wake yaandikeni kwenye karatasi siku mradi unapoanza. Aliyekusanya takwimu na kuzichambua ana haki ya jina, na kijana anayenyamaza mwanzoni hujikuta kwenye shukrani.

Matokeo yafike kwa wakati

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla yake. Matokeo yakifika Oktoba au Novemba yanaweza kuingia. Yakifika Mei yanasubiri mwaka mzima. Andika kurasa mbili za Kiswahili: swali, jibu kwa namba moja au mbili, kinachopendekezwa, gharama yake, na nani atekeleze. "Kuongeza uelewa kwa jamii" si pendekezo. "Zahanati zisizo na vipimo vya ujauzito zivinunue kwa fedha zinazoingia moja kwa moja kituoni" ni pendekezo, kwa kuwa tangu mwaka wa fedha 2017/18 vituo hupokea fedha zao na kamati zao huzipangia matumizi.

Cheti cha NIMR hudumu mwaka mmoja na kina masharti: ripoti ya maendeleo kila miezi sita, ruhusa ya kuchapisha, na nakala ya kilichochapishwa. Ripoti isipopelekwa, kuhuisha cheti hukwama katikati ya kazi ya uwandani. Weka tarehe hizo kwenye kalenda siku ile ile unapokabidhiwa cheti.