Noti za buluu za Vietnam zisikae pamoja

Noti za dong 20,000 na 500,000 zote ni za buluu, za plastiki, zenye sura ya Ho Chi Minh; usiku kibandani Hanoi ni rahisi kukosea ukalipa mara 25 ya bei. Ukitoka ATM, ambayo mara nyingi hutema 500,000, zitie hizo mfuko mwingine. Pochini zibaki za 200,000 kushuka chini, basi ukishika ya plastiki ya buluu ni elfu ishirini tu. Mpango huharibika ukirudisha chenji mfuko usio wake. Hapo geuza noti uone nyuma: 20,000 ina daraja la mji wa Hoi An lenye paa, 500,000 ina nyumba. Usitegemee ukubwa, upana ni uleule, na tofauti ya urefu, milimita 16, hupotea zikikunjwa.