Kuipandisha Jukwaani Riwaya ya Lao She ya Vizazi Vinne: Mwongozo kwa Vikundi vya Kiswahili Nchini Uganda

Kikundi kinachotaka kuigeuza riwaya ya mwandishi wa China Lao She, Si Shi Tong Tang (yaani Vizazi Vinne Chini ya Paa Moja), kuwa tamthilia kinapaswa kuamua jambo moja kabla ya kuandika hata mstari mmoja, nalo ni kwamba mapigano hayataonekana jukwaani. Riwaya inasimulia miaka minane ambayo Wajapani waliikalia Beiping, kama Beijing ilivyoitwa wakati huo, kuanzia Julai 1937 hadi 1945, lakini sehemu kubwa ya mambo hutokea katika kichochoro kimoja, Xiaoyangjuan, ambamo Lao She mwenyewe alizaliwa mwaka 1899. Vita huingia humo kupitia bei ya unga, orodha ya wakazi, jirani aliyepata cheo ghafla na mgeni anayebisha hodi usiku. Anayeleta mizinga na askari wakipigana jukwaani atakuwa ameandika tamthilia nyingine, tena iliyo dhaifu kuliko hii.

Hatua ya kwanza ni kuchunguza mnasoma toleo gani. Lao She alianza kuiandika mwaka 1944 akiwa Chongqing, akaimalizia Marekani alikoishi kati ya 1946 na 1949. Aliipanga katika sehemu tatu zenye jumla ya sura 100, lakini maandishi ya Kichina ya sura za mwisho yalipotea. Toleo la Kiingereza lililotoka mwaka 1951 lilikuwa limefupishwa, na baadaye sura za mwisho zilirudishwa katika Kichina kutokana na Kiingereza hicho. Mwaka 2014 maandishi kamili zaidi ya tafsiri ya Kiingereza yalipatikana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Harvard. Kwa sababu hiyo, matoleo yanatofautiana hasa mwishoni, na wanakikundi wawili wanaweza kubishana kuhusu tukio la mwisho ilhali kila mmoja yuko sahihi kwa kitabu alichonacho.

Suala la hakimiliki lishughulikiwe mapema. Lao She alifariki mwaka 1966, na Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 huilinda kazi katika uhai wa mwandishi na kwa miaka 50 baada ya kifo chake, hivyo muda wa kuyalinda maandishi yake ya Kichina umekwisha. Tafsiri ni mali nyingine. Ida Pruitt, aliyeitafsiri pamoja na mwandishi, alifariki mwaka 1985, kwa hiyo chukulieni kwamba Kiingereza chake bado kinalindwa. Vivyo hivyo hati ya onyesho lililoongozwa na Tian Qinxin katika National Theatre of China mwaka 2010: litazameni mkipata nafasi, lakini msiige mpangilio wake wa maonyesho. Njia salama ni kufanya kazi na mtu anayesoma Kichina. Chuo Kikuu cha Makerere kina Taasisi ya Confucius, inayofundisha Kichina, na mwanafunzi makini wa pale anaweza kukaa na mwandishi wenu sura baada ya sura.

Kazi ngumu ni kuchagua. Riwaya ina dereva wa riksho, kinyozi, waimbaji wa opera, mpiga santuri wa mitaani na wengine wengi, na kila mmoja anastahili nafasi, ila onyesho la saa mbili na nusu haliwezi kuwabeba wote. Ninapendekeza nyumba tatu tu. Nyumba ya Qi ina mzee wa miaka 75, mwanawe Tianyou mwenye duka la vitambaa, wajukuu watatu na vitukuu wawili. Nyumba ya Qian ni ya mshairi anayekamatwa na kuteswa, kisha anatoka akiwa mtu mwingine. Katika nyumba ya Guan, Guan Xiaohe na mkewe, Da Chibao, wanajipendekeza kwa Wajapani ili wapate vyeo.

Ndani ya nyumba ya Qi, uti wa mgongo wa tamthilia uwe swali la Ruixuan, mjukuu mkubwa ambaye ni mwalimu wa Kiingereza. Mdogo wake Ruiquan anatoroka kwenda kupigana, naye Ruifeng anakubali kazi chini ya wavamizi, lakini Ruixuan hawezi kuondoka kwa sababu wazee na watoto watakosa wa kuwalisha, na hawezi kubaki bila kuona aibu. Kila onyesho lipimwe kwa swali hilo. Lisiloligusa likatwe, hata kama ni zuri. Mawazo yake yanachukua kurasa nyingi kitabuni, na kishawishi cha kwanza cha mwandishi ni kumpa mazungumzo marefu ya nafsi au kumleta msimulizi aeleze. Msifanye hivyo. Mpeni kazi ya mikono na mtu wa kumkatiza: anafungua barua ya shule, mkewe anauliza hela ya makaa imetoka wapi, babu anauliza kwa nini Ruiquan hajaja kula, naye analazimika kumjibu kila mmoja jambo tofauti na lililo moyoni. Hadhira itausikia uongo wake, na katika uongo huo itasikia fikra zake zote.

Lango ndilo kifaa muhimu kuliko vyote. Mwanzoni mzee Qi anaamini kwamba hakuna machafuko yanayozidi miezi mitatu, kwa hiyo nyumba yenye chakula cha miezi mitatu na mboga zilizotiwa chumvi inaweza kufunga lango, kuliegemeza kwa kasiki kuukuu lililojazwa mawe, na kungoja yapite. Aliwahi kuyaona majeshi ya kigeni yakiuvamia mji huo mwaka 1900, na sasa hofu yake ni moja tu, kwamba hatafikia sherehe ya miaka 80. Kasiki hilo libaki jukwaani tangu mwanzo hadi mwisho. Halihitaji kuelezwa na mhusika yeyote. Inatosha watu walisogeze, wagongane nalo, na siku moja litolewe njiani kumpisha mtu asiyeweza kuzuiwa.

Onyesho ninaloliona kuwa moyo wa tamthilia ni la Tianyou, mfanyabiashara mwaminifu asiyewahi kumdhulumu mteja. Wavamizi wanamsingizia ulanguzi, wanamvika kizibao cheupe chenye maandishi ya kumtangaza kuwa mwizi wa wanunuzi, wanamtembeza mitaani, naye baadaye anajitosa mtoni. Msiuonyeshe mto. Maandamano hayo yasikike nje ya ukuta huku mkwewe akipepeta nafaka uani bila kujua ni nani anayezomewa. Watazamaji wenye umri wa kuikumbuka Uganda ya miaka ya 1970, enzi za magendo na foleni za sukari na sabuni, wataelewa upesi jinsi mwenye duka anavyogeuzwa kuwa mhalifu kwa amri moja.

Hata hivyo, msiihamishie hadithi Kampala. Beiping ibaki Beiping, na majina yabaki yalivyo, kwa kuwa watazamaji wana akili ya kuvuka wenyewe. Wafundisheni waigizaji matamshi siku ya kwanza: Qi hutamkwa karibu na «chi», Qian karibu na «chyen», na Xiao karibu na «shyao». Kiswahili kiwe sanifu na chepesi, kwa maana hadhira yetu imekipata njia tofauti, wengine jeshini, wengine sokoni au mpakani Busia, na wengine darasani. Namna wahusika wanavyoitana itawasaidia sana. Mke wa Ruixuan huitwa kitabuni kwa jina la mtoto wake, hivyo «Mama Xiao Shun» linaingia katika Kiswahili bila kulazimishwa. Na wajukuu wanapompigia magoti babu siku yake ya kuzaliwa, hakuna mtu katika ukumbi wa Uganda atakayehitaji ufafanuzi.

Wasaliti waigizwe kwa uzito. Guan Xiaohe na mkewe watachekwa, na ni haki wachekwe, lakini mwigizaji anayetafuta kicheko ataifanya dhambi yao ionekane ndogo. Wao wanajiona watu werevu wanaoitunza familia yao. Kwa upande wa pili, msimwondoe mwanamke mzee wa Kijapani anayehamia kichochoroni na anayeipinga vita, kwani pasipo yeye tamthilia inaweza kugeuka chuki dhidi ya taifa zima.

Fikirini kwa makini ni nani watakaa mbele yenu. Mtamkuta aliyeipitia vita ya 1979, aliyepoteza ndugu Luwero, au aliyekulia katika kambi za wakimbizi wa ndani huko kaskazini. Milio ya bunduki kutoka kwenye spika haifai kabisa. Tangazeni mlangoni kwamba onyesho lina mateso, njaa na kifo cha mtoto. Kitukuu Niuzi, anayekataa unga mbovu wa mgawo, anakufa vita vinapofikia mwisho; katika onyesho hilo tumieni shuka lililokunjwa mikononi mwa babu, msimtumie mtoto halisi, na mzazi wa mtoto anayemwigiza Niuzi katika maonyesho ya awali asome hati nzima kabla ya kukubali.

Mandhari yaweze kubebwa. Ukumbi wa Taifa wa Kampala, uliofunguliwa mwaka 1959, una nafasi ya ua mzima wenye milango mitatu, lakini onyesho litakwenda pia katika mabwalo ya shule, kama kundi la maigizo ya safari la Makerere lilivyozunguka tangu miaka ya 1960. Lango moja lenye fremu ya mbao, kasiki, meza na mabenchi mawili yanatosha. Taa zipangwe ili onyesho liweze kuendelea kwa taa za betri umeme ukikatika. Mapumziko yawekwe mara baada ya habari za Tianyou kufika nyumbani, na sehemu ya pili, ambayo ni ya njaa, iwe fupi kuliko ya kwanza kwa angalau robo saa.